Land Rover Discovery 3 inalala mbele usiku: napimaje upepo unakovujia?

Wakuu, naombeni ushauri. Jioni gari inapaki imesimama vizuri, asubuhi mbele imelala, kushoto zaidi. Ukiwasha inanyanyuka, ila kompresa inanguruma muda mrefu. Fundi anataka tubadilishe mipira ya upepo (inayobeba gari badala ya springi) ya mbele yote miwili. Nataka kupima kwanza. Naanzia wapi?

Spana13: Usinunue kitu bado, mkuu. Gari hii hata ikiwa imezimwa huamka yenyewe baada ya saa kadhaa na kuzishusha kona zisizovuja zilingane na ile iliyoshuka. Ndiyo maana asubuhi hujui mkosaji ni yupi. Paki pa tambarare, zima, chomoa waya wa hasi wa betri. Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Rudia baada ya saa 12. Kona iliyopungua ndiyo unayoihangaikia.

Gereji_Mtaani: Ukishaijua kona, chukua sabuni ya maji ya vyombo, changanya na maji iwe nzito kidogo, tia kwenye chupa ya kupulizia. Anza na maungio ya paipu juu ya mpira na kwenye bloki ya valvu, yaani kifaa kinachogawa upepo kwa kila kona. Kisha teremsha kifuniko cha vumbi upulizie kwenye mkunjo wa mpira. Nyufa huanzia hapo. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa, unaota povu jeupe laini taratibu, kwa hiyo subiri dakika chache. Kama gari inashuka ikiwa kimo kimoja tu na kingine inakaa, shuku mpira, maana ukibadilisha kimo mkunjo huhama sehemu nyingine ya mpira.
Tafadhali, usiingie chini ya gari iliyobebwa na upepo au jeki peke yake. Weka stendi.

Spana13: Sabuni isipoonyesha kitu, imebaki valvu. Punje za kikaushio cha kompresa (zinazonyonya unyevu kwenye upepo) zikisagika, unga wake hukaa kwenye valvu isifunge. Toa upepo wote, gari ikiwa kwenye stendi, kata paipu ya kona hiyo kwa wembe, mkato ulionyooka, uweke koki ya milimita 6. Jaza upepo, zima, chomoa betri, funga koki, pima asubuhi. Kimo kikikaa, mpira ni mzima, tatizo ni bloki. Kikishuka, mpira au paipu. Fungua koki kabla ya kuwasha.

Gereji_Mtaani: Na badilisha relei ya kompresa, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Kompresa ikifanya kazi mfululizo, relei huweza kuganda, kompresa isizime hadi iungue.