Wameuza jezi yenye jasho la dogo, mwenyewe yuko kwenye foleni anaangalia

Wakuu, salaam. Leo sina utani, na yule atakayekuja na "kwani wewe inakuuma nini" apite kushoto mapema.

Kwa wasionifahamu, mimi nipo huku Marekani, kazi yangu ni zamu za usiku ghalani, na ulevi wangu ni jezi. Sizungumzii za dukani. Nakusanya zilizovaliwa uwanjani siku ya mechi, zenye doa la nyasi, uzi umekatika kwapani, namba mgongoni imeanza kubanduka. Aliyeniingiza kwenye ugonjwa huu bila yeye kujua ni Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, enzi zile anacheza kikapu chuo kikuu cha Connecticut akivaa namba 34, kabla Memphis Grizzlies ya NBA hawajamchukua wa pili kwenye drafti ya 2009, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya. Nilitaka jezi yake moja tu ya chuo niitundike sebuleni. Mpaka leo sijaipata (mwenye nayo anifuate faragha tuongee kiutu uzima), ila katika kuitafuta nimejikuta na za watu wengine kumi na moja. Mke wangu anaziita matambara.

Sasa kisa chenyewe.

Chuo kimoja huku jirani, sikitaji, kila mwaka kinafungua bohari ya michezo na kuuza vifaa vilivyotumika. Viatu, kofia ngumu, makoti ya kupashia misuli, jezi. Jumamosi iliyopita nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja, saa 12 asubuhi nimeshika foleni. Mbele yangu walikuwa wachuuzi, wale jamaa wenye mifuko mikubwa na simu mkononi, wanaangalia bei mtandaoni kabla hata mlango haujafunguliwa. Nyuma yangu akaja dogo mmoja mwembamba, kavaa kandambili na soksi. Akanisikia naongea na simu kwa Kiswahili, akachangamka. Mkenya, wa upande wa Iten, anakimbia mbio za nyika na mita 10,000 hapo hapo chuoni. Hakunipa shikamoo, lakini Wakenya tumeshawazoea.

Nikamuuliza, dogo, wewe si ni wa timu, unapanga foleni ya nini? Akajibu, "Nimekuja kuangalia kama yangu iko. Ile nilivaa tukishinda. Nataka nimpelekee mamangu."

Wakuu, kijana amepanga foleni kununua jezi yake mwenyewe.

Tukaingia. Jezi za mbio zilikuwa zimerundikwa kwenye boksi kama mitumba ya Karume, dola 15 moja. Dogo akainama, akachambua, hakuiona. Kunyanyua kichwa, anaiona iko mkononi mwa mchuuzi, tayari imelipiwa. Ameijua kwa alama ya kuungua na pasi karibu na mshono. Akamfuata kwa adabu zote, akamwambia hii ni yangu, nitakurudishia pesa yako. Yule bwana akamtazama, akatabasamu, akamuuliza: wewe ndiye fulani? Akaikunja jezi vizuri zaidi na kuitia mfukoni. Maana sasa alikuwa na uhakika wa mwenyewe!

Baada ya siku tatu nikaiona mtandaoni. Dola 180.

Na hapa niwaeleze kidogo biashara yenyewe, muone uchungu unakotoka. Kwenye jezi hizi uchafu ndio mali. Jezi iliyotolewa kwa mchezaji lakini hakuivaa ina bei ndogo. Iliyovaliwa ikafuliwa ikang'aa, wateja wanakunja pua. Wanataka doa. Kuna watu kazi yao ni kuchukua picha ya mechi, kuikuza, na kulinganisha tundu kwa tundu, mshono kwa mshono, mpaka waseme ndiyo, ni hii hii aliyoivaa dakika ile. Picha ikikubali, bei inapaa. Jezi ya Michael Jordan ya chuo cha North Carolina, msimu wa 1982-83, ilikwenda mnadani 2021 kwa dola milioni 1.38. Ni kitambaa tu, wakuu. Kinachonunuliwa ni kwamba mtu fulani alitoa jasho humo ndani. Kwetu tunasema fulani anakula jasho la mwenzake, tukadhani ni lugha ya picha. Huku jasho lenyewe linawekwa kwenye mfuko wa plastiki, linabandikwa stika ya hologramu na kuuzwa.

Na kwenye michezo ya vyuo, kwa miaka mingi, mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekatazwa kuiuza: aliyeivaa.

Mnamkumbuka A.J. Green? Mpokeaji wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Georgia, namba 8. Aliuza jezi aliyoivaa kwenye mechi ya Independence Bowl ya Desemba 2009, kwa dola 1,000. NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakamfungia mechi nne mwanzoni mwa msimu wa 2010 na kumwamuru alipe hiyo elfu moja kwa shirika la hisani. Timu ikapoteza mechi tatu kati ya hizo nne. Wakati huo huo jezi namba 8 zilikuwa zinaning'inia kwenye duka la chuo, mashabiki wanazilipia, na hakuna aliyefungiwa.

Mwaka huo huo wachezaji watano wa futiboli wa chuo cha Ohio State walibainika wameuza pete za ubingwa na vitu vyao vya timu, wengine wakapunguziwa bei ya tatuu. Adhabu: mechi tano kila mmoja. Lakini sikilizeni utamu. Adhabu ikaahirishwa mpaka msimu wa 2011 ili wacheze kwanza Sugar Bowl, mechi yenye wadhamini na televisheni. Walikuwa wachafu, ila si wachafu kiasi cha kukosa mechi ya pesa. Kocha wao Jim Tressel alijiuzulu Mei 2011. Na 2014 Georgia tena: mchezaji wa futiboli Todd Gurley akakosa mechi nne kwa kupokea zaidi ya dola 3,000 za saini zake. Saini! Jina alilopewa na mama yake!

Halafu ile ya Agosti 2013 mimi huwa nacheka mpaka machozi. Johnny Manziel, nyota wa futiboli wa chuo cha Texas A&M, anachunguzwa kwa tuhuma za kuuza saini. Jay Bilas, mchambuzi wa kikapu ambaye naye alichezea chuo cha Duke, akaingia kwenye duka la mtandaoni la NCAA, akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia jina la mchezaji. Ikaja jezi yake. Akaandika la mwingine, ikaja. Kumbe kwenye jezi majina hayapo, wanadai namba ni namba tu, haimhusu mtu, lakini mashine yao inajua kila namba ni ya nani. Baada ya aibu hiyo NCAA wakaacha kuuza jezi za vyuo kwenye duka lao.

Neno walilojifichia ni ridhaa. Michezo ya ridhaa. Sisi wa Kiswahili neno hili tunalijua vizuri kuliko wao, maana ridhaa kwetu ni mtu kukubali kwa hiari yake. Nani alimuuliza dogo akaridhia?

Najua mtakuja na "mkuu umelala, mambo yalishabadilika". Sijalala. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 9 kwa 0, iliwapiga chini NCAA kwenye kesi ya Alston, iliyohusu kubana manufaa ya masomo wanayopewa wanamichezo, na Jaji Kavanaugh akaandika kwamba hakuna biashara nyingine nchini humo ingeachiwa kukubaliana isiwalipe watu wake bei ya soko. Julai 1 mwaka huo wanamichezo wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo walioidai NCAA malipo: karibu dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliodhulumiwa zamani, na kila chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Safi sana. Sehemu kubwa inakwenda futiboli na kikapu cha wanaume. Mkimbiaji wa nyika anasikia harufu tu.

Na dogo wangu hata harufu asiisogelee, kwa sababu yupo kwa viza ya F-1. Viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo hivi hivi. Mwenzake Mmarekani wanayelala chumba kimoja anaweza kulipwa kusaini jezi. Yeye akisaini kwa malipo anaweza kuhatarisha viza. Mnamkumbuka Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi? 2022 alikuwa mchezaji bora wa kikapu cha vyuo nchi nzima, akiwa chuo cha Kentucky. Timu iliposafiri kwenda Bahamas Agosti ile, ndipo akapata upenyo wa kufanya matangazo yake, kwa kuwa hakuwa kwenye ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi avuke bahari ndipo apige picha za kulipwa! Sasa mkimbiaji wa Iten nani atampeleka Bahamas?

Vijana wa Kikenya ndio wanaovibeba vyuo hivi kwenye mbio ndefu, si siri. Edward Cheserek peke yake alikipa chuo cha Oregon mataji 17, na yote ni kabla ya 2021. Vikombe vipo kwenye kabati za vioo.

Ninachodai si kikubwa. Msimu ukiisha, kabla ya boksi kutolewa nje, kila mwanamichezo achague jezi moja aondoke nayo bure. Moja tu! Zikipelekwa mnadani, mwenye jasho awe na fungu lake, na kama viza inamzuia leo, liwekwe mahali mpaka amalize shule. Mchuuzi simlaumu sana, yeye kanunua kilichouzwa. Waliotia bei ya dola 15 ndio nawauliza.

NYONGEZA: Mnaoniuliza kama niliinunua, ndiyo, nimeinunua, 180 pamoja na usafirishaji, na nyumbani nimeshasemwa vya kutosha. Nikampigia dogo aje aichukue. Akakaa kimya, kisha akasema, "Bro, wacha kwanza niulize ofisi kama naruhusiwa kuipokea." Jana kanitumia ujumbe: wamemwambia asiguse kitu cha shabiki mpaka wamjibu kwa maandishi. Anahitimu Mei. Jezi iko sebuleni kwangu, sijaifua, na kwenye kona ya chini bado imeganda pini moja ya namba ya kifuani.