Ganda la jeshi na ganda la duka: kipimo cha baruti kibaki kilekile?

Mlenga Shabaha TX
Habarini wakuu. Huku Marekani kujijazia risasi nyumbani ni jambo la kawaida na halali: unaokota maganda uliyopiga, unayasafisha, unaweka fataki mpya (kiwashio cha kitakoni), baruti na kichwa cha risasi. Ugomvi usioisha kwa wajazaji ni huu: ukibadilisha kampuni ya ganda, ubaki na kipimo chako cha baruti au ushuke uanze upya?

Mimi nasema ushuke. Chukua .308 Winchester, saizi ya risasi ya bunduki. Ganda la kiraia la Winchester lina uzito wa greni (kipimo kidogo cha uzito) 155 hadi 160 hivi. La jeshi la 7.62, lenye herufi LC (kiwanda cha Lake City) kitakoni, linakaribia 180. Kwa nje yote yanakaa chemba moja ya bunduki, kwa hiyo unene umeingia ndani. Shaba hiyo ni nzito kuliko maji mara 8.5 hivi, maana yake greni 20 za ziada zinakula nafasi ya greni 2 na ushei za maji, kwenye ganda linalobeba kama 56. Asilimia 4 hiyo. Utasema ni kidogo, ila baruti ikibanwa huwaka kwa kasi zaidi, na ikiwaka kwa kasi mgandamizo unapanda tena. Kikomo cha SAAMI, wanaopanga viwango vya risasi Marekani, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000 kwa .308. Aliyekwisha kufika ukomo kwa ganda jembamba, akihamia nene anaupita.

Fundi Mizani
Mkuu, kwa .308 sina neno. Shida ni watu kuibeba hoja hiyo nzimanzima mpaka kwenye .223, risasi ndogo zaidi. Huko LC na maganda ya duka yanakaribiana sana kwa uzito, lakini bado utasikia "la jeshi ni nene, punguza".

Halafu uzito si ujazo. Shaba ya ziada inaweza kuwa kwenye ukingo wa kitako, nje kabisa ya inapokaa baruti. Anayetaka kujua apime maji. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki yako, usilibane upya kulirudisha umbo, acha fataki iliyotumika izibe tundu. Lipime tupu, lijaze maji mpaka mdomoni, uso wa maji usivimbe wala usibonyee, lipime tena. Tofauti ndiyo ujazo wake. Fanya hivyo kwa maganda kadhaa ya kila kampuni, utaacha kubishana kwa hisia.

Kaka wa Minnesota
Mnajichosha bure. Fataki ikibapa au bolti (komeo la bunduki) ikigoma kuinuka, napunguza baruti. Bunduki yenyewe inasema.

Mlenga Shabaha TX
Kaka, hapo ndipo ganda linakudanganya mara ya pili! Ganda laini litachorwa alama ya ejekta (pini inayorusha ganda nje) kitakoni mapema. Gumu litanyamaza hata kikomo kikiwa kimeshapitwa. Na fataki nazo zinatofautiana ugumu, kwa hiyo kubapa kwake si kipimo cha chochote. Ukiona bolti inagoma umeshachelewa.

Mwana wa Tabora
Samahani, mie mgeni wa haya. Kwani vitabu vya vipimo havisemi?

Fundi Mizani
Vinasema, mdogo wangu. Lyman, Hornady na Sierra wote huandika walijaribu kwa ganda la nani, fataki ipi na kichwa kipi. Watu wanaruka maandishi hayo, wanakimbilia namba ya mwisho ya jedwali.

Mlenga Shabaha TX
Na ndiyo maana nasisitiza: ukibadilisha chochote kati ya hivyo, rudi kwenye kipimo cha kuanzia, upande taratibu. Fundi, .223 nakukubalia, ila kwa makampuni uliyopima tu. Ganda la kampuni usiyoijua, uliloliokota uwanjani, je?

Fundi Mizani
La kuokota silijazi kabisa. Sijui limepigwa mara ngapi.

Kaka wa Minnesota
Mimi nayajaza, na bado nipo. Tuendelee.