Tangazo linasema "hadi Mbps 40", usiku seva za nje hazizidi 5: nipime vipi, nilalamike wapi?

mteja_umoja2

Wakuu, naomba ushauri wa kiufundi, pole sihitaji. Kifurushi ni cha "hadi Mbps 40", shilingi elfu tatu kwa mwezi, unalipa kabla. Laini ni ya faiba (nasema aina ya waya, kampuni siitaji). Mchana kila kitu kiko sawa. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano hivi, YouTube inaenda bila kukwama na kipimo cha kasi kinasoma 37 hadi 39, lakini kupakua faili kutoka seva ya Ujerumani hakuzidi Mbps 5, na mikutano ya video na watu walio Ulaya inakatakata. Huduma kwa wateja wana jibu moja: zima ruta, subiri sekunde 30, washa. Wakibanwa wanasema kipimo kinaonyesha 38, kwa hivyo laini haina shida.

Nauliza mambo matatu. Hilo neno "hadi" linawalinda kisheria? Nipime vipi ili wasipate pa kuchomokea? Na wakikataa, niende wapi? Ploti hii mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu, kwa hivyo msiniambie nihame.

splita_64

Dalili zako zinajieleza. Kipimo kizuri, YouTube nzuri, Ulaya mbaya, tena usiku tu: shida haiko nyumbani kwako wala kwenye waya unaoingia mlangoni. Iko mbele, pale mtandao wao unapotoka kwenda nje.

Ukifungua programu ya kupima kasi, yenyewe huchagua seva iliyo karibu, na mara nyingi seva hiyo imewekwa ndani ya mtandao wa kampuni yako. Data inatoka kwako inafika kwenye mitambo yao hapa Nairobi, inarudi. YouTube ni vivyo hivyo: Google huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, na Netflix hufanya hivyo pia. Video unayotazama saa tatu usiku huenda haijavuka hata Athi River. Trafiki ya kampuni moja ya Kenya kwenda nyingine nayo inaweza kubadilishwa hapa hapa KIXP (kituo ambapo mitandao ya Kenya huunganishwa) bila kwenda Ulaya na kurudi. Seva ya Ujerumani haina njia ya mkato: lazima ishuke Mombasa na kupita mkongo wa baharini, na uwezo wa huko kampuni huununua kwa pesa. Ikinunua mdogo kuliko mahitaji ya usiku, pakiti (vipande vidogo vya data) zinasubiri, nyingine zinatupwa. Kwa maneno mengine, nambari iliyo kwenye bango ni ya kile kipande ambacho ni rahisi kuliko vyote kukitimiza.

Wengi hulaumu splita ya kwenye nguzo, yaani kile kinachogawa faiba moja kwa nyumba nyingi. Fanya hesabu kabla ya kulaumu. GPON (mfumo wa faiba ya nyumbani) ya kawaida ina Gbps 2.488 za kupakua kwa mlango mmoja wa mtambo. Splita ya nyumba 32 ingewapa kila mmoja karibu Mbps 78 hata kama wote wangepakua sekunde ile ile. Ya nyumba 64 ni karibu 39. Hapo ni vigumu ushuke hadi 5, isipokuwa kama mtambo wenyewe umeunganishwa kwa njia nyembamba kwenda kituo kikuu, na ingekuwa hivyo hata kipimo cha ndani kingeanguka. Chako hakianguki.

Kupima, fuata mpango huu:

Chomeka laptopu kwa kebo ya Cat5e au zaidi kwenye mlango wa LAN, zima Wi-Fi ya laptopu, na hakikisha TV na simu hazipakui kitu. Angalia kompyuta inasoma Gbps 1. Ikisoma Mbps 100, kuna jozi ya nyaya iliyokatika ndani ya kebo, au mlango wa ruta ni wa aina hiyo. Kwa kifurushi cha 40 haidhuru, lakini wataitumia kama kisingizio.

Pima mara tatu mfululizo, kila mara ukichagua seva kwa mkono: ya kampuni yako, ya kampuni nyingine iliyo Nairobi, halafu ya nje, kwa mfano Marseille au Frankfurt. Kipimo cha M-Lab kina seva Nairobi nacho, kiongeze kwa sababu si cha kampuni yoyote ya hapa. Fanya hivyo saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa siku saba. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa na jina la seva. Picha isiyo na jina la seva haina thamani.

Kisha endesha mtr (programu inayoorodhesha kila ruta njiani, moja kwa kila hatua, na pakiti zinazopotea) kuelekea ile seva ya Ujerumani, mara moja asubuhi na mara moja usiku: `mtr -rwc 1000` ikifuatwa na anwani. Wenye Windows watumie WinMTR. Pakiti 1,000 huchukua kama dakika 17. Usitumie 100 kama wengi wanavyofanya, maana pakiti moja kupotea kati ya mia inaweza kuwa ajali tu.

Kwa nini nasisitiza upotevu wa pakiti? Kwa hesabu ya kizamani ya TCP (utaratibu unaosafirisha data nyingi za intaneti), mkondo mmoja wenye safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 150 na upotevu wa asilimia 1 hauvuki sana Mbps 1. Upotevu huo huo kwenye seva iliyo milisekunde 5 unakuachia karibu Mbps 28. Mifumo ya sasa inavumilia zaidi, lakini sura haibadiliki: kasoro ndogo ambayo hapa Nairobi huioni, ukifika Ulaya inakuvunja mgongo.

fundi_wa_ngazi

Nakubali, ila funga mlango wa kwanza kabla hawajakutumia fundi wa kuja kubadilisha ruta bure. Angalia waya unaoingia nyumbani. Kama ni mwembamba na una kichwa cha mraba cha kijani, hiyo ni faiba mpaka ndani. Kama una kichwa cha plastiki chenye nyaya nane za shaba, faiba iliishia kwenye swichi ya ploti au kwenye redio iliyo juu ya paa, na tangazo la "faiba hadi nyumbani" si la kweli kwako. Mitaa ya ghorofa nyingi ina hiyo hali, na swichi yenyewe ikikosa stima ya ngazi, jengo zima linazimika.

Kama ni ya kijani, fungua ukurasa wa kifaa cha ONT (kisanduku ambacho waya wa faiba unaingia), tafuta nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kati ya -15 na -25 dBm lala salama. Karibu na -27 makosa huanza. Kampuni nyingi hufunga ukurasa huo, basi piga simu uulize "mwanga wangu unasoma ngapi?", wao wanaiona papo hapo. Ikiwa mbaya, sababu huwa ni kichwa kichafu, waya uliobanwa na mlango, au uliokunjwa kona kali nyuma ya kabati. Usikichomoe ukatazama ndani, wala usifute kwa shati.

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu hakuna mwanga kabisa, na hapo kuzima na kuwasha ruta ni kupoteza dakika.

bei_ya_jumla

Niwatetee watoa huduma kidogo, msinipige mawe. Elfu tatu hainunui Mbps 40 zako peke yako hadi Frankfurt. Laini isiyogawanywa ipo, huuzwa kwa maofisi, na bei yake kwa kila Mbps ni mara nyingi ya hiyo. Intaneti ya nyumbani duniani kote inauzwa kwa kudhani wateja hawatavuta wote pamoja, na bila hiyo dhana wengi wa Umoja na Kayole wangebaki na bando za simu. "Hadi" ni neno la haki likitumiwa vizuri.

Shida naiona kwenye mambo mawili. La kwanza ni "bila kikomo" yenye sera ya matumizi ya kiasi iliyozikwa kwenye ukurasa wa masharti: ukifikisha kiwango fulani cha data mwezi huo, kasi inashushwa. Mteja_umoja2, angalia hilo pia. Lakini ukishushwa kwa sera hiyo kwa kawaida kasi hushuka saa zote na kwa seva zote, kwa hivyo sidhani ndilo. La pili ni mawakala wa mlangoni. Analipwa kwa kila nyumba anayounganisha, atakuahidi chochote. Akikuahidi kasi, mwambie aandike kwa WhatsApp. Ahadi ya mdomo haina ushahidi.

splita_64

@bei_ya_jumla kugawana si dhambi, sawa. Ila 39 ndani na 5 nje, kila usiku, si kugawana kwa kawaida. Hapo mtu ameona mstari wa grafu umegonga dari na akaendelea kuuza.

msoma_masharti

Upande wa malalamiko. "Hadi" haiwalazimishi kukupa 40 kila sekunde. Lakini Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, yakiwemo ya kutia chumvi au kuficha jambo la msingi. Usiwashtaki kwa "sipati 40", watashinda. Dai lako liwe: huduma ya kimataifa haitumiki kati ya saa 20:00 na 23:00, kila siku, na tangazo halikusema kasi ni ya ndani ya mtandao wenu tu.

Kusanya kwanza picha ya tangazo yenye tarehe (mabango ya mtandaoni hubadilishwa bila kelele), masharti uliyokubali, ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi, nambari ya akaunti. Andika barua pepe, usipige simu. Ukilazimika kupiga, usikate kabla hujapewa nambari ya tiketi. Kama wanafunga tiketi bila kurekebisha, ifungue tena kwa kujibu ile ile, usianzishe mpya, maana kila mpya inakurudisha kwa "zima, washa". Ombi lako liwe moja na linalopimika: tiketi ipelekwe kwa wahandisi wa mtandao, na siku zilizoathirika ziongezwe kwenye muda wa kifurushi. Kwa malipo ya kabla, kuongezewa siku wanakubali haraka kuliko kurudisha pesa.

Wakikwambia mkongo umekatika, uliza ni upi. Mikongo inakatika kweli: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki nzima iliona. Lakini mkongo uliokatika hauponi kila asubuhi na kukatika tena saa mbili usiku.

Wasipotatua, nenda Mamlaka ya Mawasiliano (CA), ofisi ziko Waiyaki Way, au jaza fomu yao mtandaoni. Kanuni za kulinda watumiaji za 2010 zinataka uanze na mtoa huduma, kwa hivyo zile nambari za tiketi ndizo pasi yako. Huko huko kwenye tovuti yao kuna orodha ya waliopewa leseni. Vikampuni vya mtaani vinavyouza tena intaneti ya wengine bila leseni ni vingi, na kama chako hakimo kwenye orodha, malalamiko yanakuwa ya aina nyingine. Tangazo lenyewe ni suala la Mamlaka ya Ushindani (CAK). Watu huchanganya hizo mbili na barua hulala kwenye ofisi isiyohusika.

Pesa zikiwa ndizo unazodai, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, inapaswa kuamua ndani ya siku 60, na hulazimiki kuwa na wakili.

mteja_umoja2

Shukrani wakuu. Mwanga unasoma -19. Nimepima asubuhi na usiku kwa kebo. Asubuhi: ndani 39, Nairobi kampuni nyingine 38, Frankfurt 34, mtr upotevu 0, milisekunde 148. Usiku: 38, 37, Frankfurt 5, upotevu asilimia 1, milisekunde 172. Lakini kwenye mtr ya usiku hatua ya 4 inaonyesha upotevu wa asilimia 60! Hiyo si ndiyo mbovu?

splita_64

Hapana, na ukiwatumia barua ukilaumu hatua ya 4 watakucheka. Hatua za 5 na 6 zinasoma ngapi? Kama ni 0, basi ile ruta ya 4 inapitisha pakiti zote, imepunguziwa tu kazi ya kujibu mtr yako. Upotevu wa kweli ni ule unaoanzia hatua fulani na kuendelea hadi mwisho.

mteja_umoja2

5 na 6 ni 0. Asilimia 1 inaanza hatua ya 7 na kuendelea hadi mwisho. Milisekunde pia zinaongezeka hapo hapo.

splita_64

Basi tazama jina na anwani ya hatua ya 6 na ya 7. Kama 6 ni ya kampuni yako na 7 ni ya anayewauzia njia ya kimataifa, umeonyesha kiungo kilichojaa. Tahadhari moja: pakiti za kurudi zinaweza kupita njia tofauti na mtr yako haizioni. Ukiweza, mwombe mtu aliye Ujerumani akuendeshee mtr kuja kwako, saa ile ile. Ruta yako ikiwa nyuma ya anwani ya kugawana (anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje wa ruta, inaanza na 100.64 hadi 100.127), aelekeze kwenye anwani ya umma unayoonekana nayo nje. Itamfikisha mpaka ukingo wa kampuni yako, na ukingo ndio tunaoutafuta.

Weka matokeo yote mawili kwenye barua moja, na uwaulize swali hili hili: kiungo kati ya hatua ya 6 na ya 7 kinajaa kwa asilimia ngapi saa 21:00, na kitaongezwa lini? Swali hilo mhudumu wa simu hawezi kulijibu kwa "zima, washa", itabidi alipandishe.

msoma_masharti

Na usilipie miezi mitatu kwa pamoja hata wakikupa ofa. Lipa mwezi mwezi mpaka wajibu.