Maktaba ya umma mjini kwetu: unalipia kiti, kitabu lete mwenyewe

Wakuu, salaam. Leo ni siku ya nne tangu nitoke pale na hasira bado haijapoa, kwa hiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Mkoa siutaji na maktaba siitaji. Wa huku wataijua tu, na wa kwingine nina wasiwasi mkimaliza kusoma mtadhani nimesema ya kwenu.

Mimi ni fundi friji. Ufundi nimeupata kwa kushika spana za watu, cheti sina. Siku hizi friji nyingi zinazoletwa mezani kwangu zina gesi ya R600a, na hii inawaka, si kama R134a tuliyoizoea. Ukiwasha mtungi wa kuchomelea kabla hujaitoa yote kwenye bomba, unaweza kuteketea wewe, friji na kibanda. Nina vijana wawili wananifuata, wamemaliza kidato cha nne juzi juzi, na wazazi wao wamenikabidhi wakiwa wazima. Nikasema siwezi kuwafundisha kwa kubahatisha, niende maktaba nitafute kitabu kinachoeleweka. Na kwa kuwa ilikuwa likizo ya Juni, nikamwambia binti yangu wa darasa la tano, vaa viatu twende wote, kule kuna chumba cha watoto.

Mlangoni kiingilio cha siku ni shilingi 500. Sawa. Pesa mkononi hawapokei, unapewa kontro namba, ile namba ya kulipia serikalini. Hiyo nayo naielewa, tumeibiana vya kutosha nchi hii. Ila kontro namba haitoki, mfumo umelala. Tumekaa kwenye benchi dakika arobaini, mtu mzima na mtoto, tukisubiri mfumo uamke ili nilipe mia tano! Ulipoamka nikalipa kwa simu, na simu nayo ikachukua makato yake.

Ndani ukumbi umejaa. Ukipita haraka na kamera utasema hii maktaba inachapa kazi. Sasa sogea uangalie mezani. Madaftari, notisi za kutoa fotokopi, mitihani ya miaka iliyopita, kompyuta mpakato mbili tatu. Kitabu chenye muhuri wa maktaba sikukiona kwenye meza hata moja. Wale ni wanafunzi waliokimbia kelele za nyumbani na kufuata meza, feni na soketi ya kuchajia simu. Siwalaumu, ningekuwa na umri wao ningefanya hivyo hivyo. Lakini tuitane kwa majina yetu: hapo tunakodisha viti.

Nikaenda rafu ya ufundi. Kuna vitabu vya kutengeneza TV za kichogo. Kuna cha redio za vali, na sijui ni nani bado anayo redio hiyo isipokuwa jumba la makumbusho. Cha friji kipo kimoja, Kiingereza, na gesi kinayoifundisha ni R12, ile iliyoondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Pembeni yake, kwenye rafu hiyo hiyo ya ufundi, kuna kitabu kinene chenye picha nzuri kabisa kuhusu kutunza bustani wakati wa theluji. Theluji, wakuu. Sisi tukitaka theluji tunapandisha macho Kilimanjaro.

Haya ndiyo matokeo ya maktaba kula vitabu vya msaada tu. Mtu huko Ulaya anasafisha stoo, maboksi yanafungwa, kontena linashuka bandarini, watu wanapiga picha wakishikana mikono. Hakuna aliyeuliza fundi, mkulima wa mpunga, mama lishe au mwalimu wa shule ya kata anataka kusoma nini. Boksi likishafunguliwa haliwezi kurudi, basi linapangwa rafuni lijaze nafasi. Ukitafuta Kiswahili unaonyeshwa rafu moja na nusu, riwaya zimechakaa hadi kurasa za mwisho hazipo, yaani unasoma kurasa mia mbili halafu muuaji humjui.

Nikamwambia binti, basi twende chumba chako. Mlangoni wamechora twiga na maneno KARIBU WATOTO. Akayasoma kwa sauti, ameshaweka mkono kwenye kitasa. Kimefungwa. Nikachungulia dirishani: viti vimevalishwa vitambaa, meza ina chupa za maji, ukutani wamening'iniza shuka jeupe la projekta. Kimekodishwa kwa semina. Vile viti vidogo vya watoto vya rangi rangi vimerundikwa koridoni, miguu juu. Mtoto akashusha kimoja, akakaa, akaweka mikono mapajani. "Baba, tunasubiri nini?"

Hapo ndipo niliporudi kaunta. Yupo mama mmoja mkutubi, mtu mzima wa kuelekea kustaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekosa?"

Alijua kabla sijafungua mdomo. Nikamuuliza chumba cha watoto kitafunguliwa lini. Akasema kikikosa mpangaji. Nikamuuliza zile kompyuta kumi zilizofunikwa nailoni ukutani, haziwashwi? Akasema zinasubiri kuzinduliwa, mgeni rasmi hajapatikana. Tangu lini? "Tangu mwaka juzi, baba." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeandika barua nyingi zisizojibiwa. Mkononi alikuwa na chupa ya gundi anabandika jalada la kamusi. Gundi kanunua mwenyewe.

Kwa hiyo naomba msije hapa kumtukana mtumishi wa kaunta. Wapo wawili kwa jengo zima. Hasira yangu inapanda ngazi kwenda kwa wanaopanga bajeti na kuhesabu mafanikio ya maktaba kwa mapato ya ukumbi.

Halafu kuazima. Nilitaka kadi ili angalau mtoto apate hadithi za kwenda nazo nyumbani. Masharti: ada ya mwaka, picha mbili, barua ya mtendaji wa mtaa na mdhamini mwenye ajira ya kueleweka. Benki hainihangaishi hivi nikiomba mkopo wa bodaboda, na bodaboda inakimbia, kitabu hakina miguu. Na saa za kazi? Wanafunga saa kumi na moja jioni, Jumamosi saa nane mchana, Jumapili kimya. Mimi nafunga kibanda saa kumi na mbili. Mama wa genge anafunga saa tatu usiku. Hiyo ratiba ni ya nani kama si ya watumishi wenyewe?

Nchi hii haikuanza hivi. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa 1963, Uhuru una miaka miwili tu na hela hakuna. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru yenyewe, na siku hiyo mtu haichagui kwa bahati mbaya. 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wamekaa vikundi chini ya mwembe wanasikiliza redio, wanasoma vijitabu, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Maktaba za vijijini zilifunguliwa miaka hiyo ili aliyejua kusoma jana asisahau kesho. Sheria mpya ya 1975 ikasema wazi kwamba kazi za huduma hii ni pamoja na kusaidia kampeni za kusoma na kuandika na kukuza maandishi ya hapa kwetu. Babu yangu alijifunza kuandika jina lake akiwa na wajukuu wawili. Aliandika mlangoni kwa mkaa na bibi akamgombeza wiki nzima.

Sasa niambieni, programu ya maktaba yetu kwa jamii mwaka huu ni ipi? Mimi nimeona kalenda ya kukodisha ukumbi. Sikuona saa ya hadithi kwa watoto, wala darasa la jioni kwa wasiojua kusoma, wala mtu wa kumfundisha mzee kujaza fomu mtandaoni. Mjini kwetu ukitaka kuomba cheti cha kuzaliwa au mkopo wa chuo unakwenda kwa kijana wa steshenari, anakutoza anavyotaka na nywila yako anabaki nayo. Zile kompyuta kumi zingeondolewa nailoni, kazi hiyo ingefanyika hapo hapo kaunta.

Kuna ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na shirikisho la maktaba duniani, ya tangu 1949, imehuishwa mara kadhaa, ya karibuni ni 2022. Inasema kimsingi maktaba ya umma iwe bure. Sisi tumeshindwa bure, haya, mia tano yenu hiyo hapo. Basi tupeni kitabu.

NYONGEZA 1: Nimesoma majibu. Mnaosema "kila kitu kipo mtandaoni, acha ushamba", kweli, Taasisi ya Elimu wameweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao na kuvisoma ni bure. Nawapongeza, binti yangu anavitumia. Ila anavitumia kwa simu yangu, mimi nikiwa nyumbani, bando likiwepo. Nyumba ya jirani ina watoto watano na simu ya kitochi. Mtandao wa kuwatosha hao ulipaswa kuwa wapi? Pale chini ya nailoni.

Na yule mkuu aliyesema "Watanzania hawasomi, hata ukijaza vitabu vitaliwa na mende". Njoo kibandani kwangu uone vijana wanavyogombania kipande cha gazeti la michezo lililofungia vitumbua. Mtu akikosa anachokihitaji mara tatu, ya nne haji, halafu wewe unamwita mvivu.

NYONGEZA 2: Mdau wa Kenya ameuliza kama nadhani kwao ni peponi. Hapana mkuu. Katiba yenu ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za maktaba, kwenye orodha moja na kamari, kasino na leseni za pombe, na hapo mtu anaweza kukisia kipi kati ya hivyo kitachangamkiwa kwanza. Lakini nyinyi mlipakia masanduku ya vitabu kwenye ngamia kule Garissa mwaka 1996, yakafuata wafugaji hadi wanakochunga. Nairobi mna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na matawi ya Kaloleni na Makadara. Watu wameunda taasisi yao, Book Bunk, wakashirikiana na serikali ya jiji kuyakarabati hayo matawi, na watoto wa mitaa hiyo wakarudi kukaa kwenye viti vyao. Sisi ngamia hatuna, ila bajaji tunazo. Bajaji moja, maboksi sita ya vitabu, shule ya kata Jumatatu, sokoni Jumatano. Mafuta yake hayafiki posho ya semina moja.

Aliyeniuliza faragha kama nimechukua hatua au napiga kelele tu: nimeandika barua. Nimeomba chumba cha watoto kisikodishwe siku za likizo na Jumamosi, kompyuta ziwashwe bila mgeni rasmi, na wafungue hadi saa mbili usiku hata siku mbili kwa wiki. Nimeomba pia waweke daftari kaunta, kila anayekosa kitabu aandike alikuwa anatafuta nini. Daftari ni buku moja, yaani shilingi elfu moja, nimewaambia nitalinunua mimi. Mafundi wenzangu kumi na wanne wamesaini, na mama wa genge.

NYONGEZA 3, leo Jumatano: Barua imepokelewa na nakala yangu imegongwa muhuri. Nikauliza nije lini kufuata majibu, nikaambiwa mhusika hayupo, yuko kwenye semina. Semina wapi? Aliyeipokea akanionyesha kwa kidole mlango wenye twiga.