Rekodi ya Zitto Kabwe bungeni: tuipime kwa idadi ya michango au kwa namna hoja zilivyoishia?

Mwalimu wa Uraia ameuliza:

Wakuu, salaam. Ninafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari, na muhula huu nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kupima utendaji wa mbunge mmoja wa upinzani ndani ya Bunge letu. Tumemchagua Zitto Kabwe kwa sababu tatu: alikaa bungeni tangu mwaka 2005 hadi 2020, kwanza Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA na baadaye Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo; hoja zake kadhaa ziligusa taifa zima; na Taarifa Rasmi za mijadala, yaani Hansard, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Wanafunzi wameanza na lililo jepesi, yaani kuhesabu. Wanaorodhesha maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango, kisha wanamlinganisha na wabunge wengine wa wakati wake. Kundi moja limekwisha kuhitimisha kwamba mbunge aliyesimama mara nyingi ndiye aliyefanya kazi. Kundi la pili linapinga kwa nguvu, likiuliza hoja ya mpinzani ina faida gani ikiwa wingi wa chama tawala unajulikana hata kabla mjadala haujafunguliwa, na ikiwa mwisho wa siku Spika atahoji na upande wa Serikali utashinda.

Sitaki wanafunzi hawa wamalize kazi yao wakidhani Bunge ni mashindano ya kuongea, wala sitaki waondoke wakiamini kwamba kusema bungeni ni kazi bure. Naomba msaada wa wanaozifahamu kumbukumbu hizi: mtu anayetaka kumtendea haki mbunge wa upinzani atafute nini ndani yake?

Msoma Hansard amejibu:

Mwalimu, nakupongeza kwa kazi hiyo, maana ni watu wachache mno wanaozisoma kumbukumbu zile, ilhali ni mali yetu sote.

Nianze na hesabu yenyewe. Swali la nyongeza lenye sentensi mbili linahesabiwa kuwa ni mara moja, na hotuba ya saa nzima nayo ni mara moja. Ndani ya Hansard utakuta pia michango iliyowasilishwa kwa maandishi, ambayo hakuna aliyeisikia ikitamkwa ukumbini. Halafu waoneshe wanafunzi zile alama zinazowekwa na waandishi wa Taarifa Rasmi: "(Makofi)", "(Kicheko)", ile sentensi ya kwamba kengele imelia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji, na mahali panapoelezwa kuwa maneno fulani si sehemu ya Taarifa Rasmi za Bunge kwa sababu kiti, yaani anayeongoza kikao, kimeamuru yafutwe. Ukiona mpinzani anakatizwa mara kwa mara na wabunge wanaosimama kwa "taarifa" au "kuhusu utaratibu" ndani ya dakika zake kumi, umejifunza jambo ambalo jedwali la idadi haliwezi kukuambia: mara nyingi hoja inayokatizwa hivyo ndiyo iliyomgusa mtu.

Sasa chukueni Buzwagi. Mwezi Agosti 2007 Zitto aliwasilisha hoja akitaka iundwe kamati teule ya kuchunguza jinsi mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulivyotiwa saini. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, aliusaini mjini London mwezi Februari mwaka huohuo, wakati Serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kuipitia upya mikataba ya madini. Bunge liliikataa hoja, likamtia mtoa hoja hatiani kwa kusema uongo, na likamsimamisha hadi Januari 2008. Kwa hiyo mwanafunzi anayehesabu atakuta kimya cha miezi kadhaa na anaweza kuandika kwamba mbunge huyu alizembea, kumbe kimya kile ni adhabu iliyotokana na kusema.

Kundi lako la pili litasema hapo hoja ilikufa. Waambie wasogee mbele kidogo. Mwezi Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na miongoni mwa wajumbe wake alimteua Zitto, ambaye wakati huo alikuwa bado anatumikia adhabu ya Bunge. Kisha ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo mgodi huilipa Serikali kwa madini unayochimba, kutoka asilimia 3 hadi 4 na kubadili namna ya kuukokotoa ili utozwe kwenye thamani ghafi ya madini. Sidai hata kidogo kwamba sheria ile ni kazi ya mtu mmoja. Wananchi wa maeneo ya migodi, wanaharakati na wabunge wa CCM pia walilalamika kwa miaka. Ninachosema ni kwamba hoja iliyoshindwa kwa kura mwaka 2007 ilikuwa imefika mezani kwa Rais kabla mwaka haujaisha. Kwa mbunge wa upinzani hiyo ndiyo njia ya kawaida: anashindwa ukumbini, kisha Serikali inachukua sehemu ya alichokisema na kuiita yake. Mimi naona hilo ni jambo jema kwa nchi, hata kama halimpi mhusika sifa anayostahili.

Ushauri wangu basi ni huu: kila kundi lichukue hoja moja tu na kuifuata kuanzia siku ilipotamkwa mara ya kwanza hadi ilipoishia, popote pale ilipoishia.

Mpiga Kura wa Kigoma amejibu:

Nakubaliana na ndugu yangu hapo juu kwa mengi, ila namwomba asiidharau hesabu. Sisi tuliopiga kura tuna haki ya kujua kama mtu tuliyemtuma Dodoma alifungua kinywa kwa ajili yetu. Madini ni jambo zito, lakini mkazi wa Kigoma alitaka pia kusikia barabara ya kwenda Nyakanazi ikitajwa, na reli, na umeme wa uhakika, na bei ya mawese. Swali la msingi lina nguvu yake ya kipekee: linapelekwa wizarani mapema, linajibiwa na waziri au naibu wake mbele ya Bunge zima, na jibu linabaki kwenye maandishi. Mwaka unaofuata mbunge anaweza kusimama na kusoma ahadi ileile kwa tarehe yake. Mbunge asiyeuliza hana cha kudai. Kwa hiyo, Mwalimu, wanafunzi wahesabu, ila wayatenganishe maswali ya jimbo na hoja za kitaifa, na watazame kama swali moja lilirudiwa mpaka likajibiwa.

Karani Mstaafu amejibu:

Naomba niongeze upande ambao wachangiaji wawili waliotangulia hawajaugusa, nao ni kamati.

Sehemu kubwa ya kazi ya Bunge hufanyika kwenye vyumba vya kamati, na maneno yanayosemwa humo hayaingii kwenye orodha ile mnayoihesabu. Kwa utaratibu wa Bunge letu, kamati zinazosimamia hesabu za Serikali ziliongozwa wakati huo na wabunge wa upinzani, na Zitto aliongoza kwanza ile ya Hesabu za Mashirika ya Umma, kisha Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Mwenyekiti wa kamati ya namna hii anakaa na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, mbele yake, anawaita makatibu wakuu na wakurugenzi, anauliza risiti iko wapi na nani aliidhinisha. Hayo yote yanaweza kuchukua wiki nyingi, na kwenye Hansard yataonekana siku moja tu, pale mwenyekiti anapowasilisha taarifa.

Mfano ulio wazi ni Tegeta Escrow. Aliyelishikia bango suala hilo bungeni mwaka 2014 alikuwa David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, ambaye alilirudia bila kuchoka licha ya kubezwa na kutupiwa maneno makali ukumbini. Suala lilihusu fedha zinazokadiriwa kufikia shilingi bilioni 306 zilizotolewa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. CAG alikagua, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikachunguza, PAC ikachambua, na mwishoni mwa Novemba 2014 Zitto akaileta taarifa ya kamati bungeni. Makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa CCM, mbunge wa Ludewa, na wajumbe wengi walitoka chama tawala. Bunge lilipitisha maazimio manane. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo naye akajiuzulu.

Wanafunzi wa kundi la pili na watafakari hilo. Wingi wa CCM ulikuwa uleule, lakini ushahidi ulipoandaliwa vizuri na wajumbe wa pande zote mbili wakausaini, wingi ule haukuweza kuufukia. Na mkiuliza nani alisema mara nyingi zaidi kuhusu Escrow, mtampata Kafulila; mkiuliza nani alilifikisha kwenye maazimio, mtaikuta kamati. Mmoja asingefika bila mwenzake.

Kuna na hoja ambayo haikufika hata kwenye mjadala. Aprili 2012, baada ya taarifa ya CAG kuonesha ubadhirifu, Zitto alikusanya saini za wabunge ili iletwe hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Ibara ya 53A ya Katiba inadai saini za asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa ya siku 14. Saini zilipatikana na kuzidi, zikiwemo za wabunge wa CCM, ila muda wa taarifa haukutosha, hivyo hoja haikuwahi kujadiliwa. Lakini mapema Mei Rais alilipangua Baraza la Mawaziri na kuwaacha mawaziri kadhaa. Ukihesabu hoja zilizojadiliwa, hii haimo.

Mwalimu wa Uraia amerudi:

Nawashukuru sana, wakuu. Nimewasomea wanafunzi majibu haya na mjadala umebadilika kabisa. Sasa wanagombania nani achukue Buzwagi na nani achukue Escrow. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, kipindi cha 2015 hadi 2020 tukisomeje, maana hapo alikuwa mbunge pekee wa chama chake? Pili, ni haki kuwaonesha wanafunzi hoja nzuri tu? Ningependa wapate na ile iliyosemwa kwa ufasaha na isizae chochote.

Msoma Hansard amejibu:

Kipindi hicho kisomwe kwa tahadhari. Nafasi za kuchangia hugawanywa kwa kuzingatia uwiano wa vyama, kwa hiyo mbunge aliye peke yake hupata zamu chache hata akiwa na mengi ya kusema. Zaidi ya hapo, Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena mijadala yote moja kwa moja, wapinzani walipinga ukumbini, na Mei mwaka huo Zitto alikuwa miongoni mwa wabunge saba wa upinzani waliosimamishwa kutokana na vurugu zile. Kwa hiyo kabla hawajalinganisha mwaka na mwaka, wanafunzi waandike pembeni siku ambazo mbunge hakuruhusiwa kuingia. Wafanye hivyo kwa Tundu Lissu, Halima Mdee, Ester Bulaya na Godbless Lema pia, maana nao walipata adhabu za namna hiyo katika kipindi hicho.

Kwa hoja isiyozaa matunda, wape posho za vikao. Zitto alikuwa Waziri Kivuli wa Fedha, yaani msemaji wa upinzani kuhusu fedha, na mwaka 2011 CHADEMA ilisimama kidete kwamba posho za kukaa kikaoni zifutwe kwa sababu kuhudhuria vikao ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara. Yeye mwenyewe alitangaza kutozichukua. Wabunge wengi walikuwa na mengi ya kupoteza, wakiwemo wa upinzani, na posho zikabaki. Hotuba yake ya bajeti mbadala, yaani ile ya upinzani, ni ndefu, hivyo wasiisome yote. Watafute sehemu inayohusu matumizi ya kawaida, kisha wafungue hotuba ya Waziri wa Fedha ya kuhitimisha mjadala na waandike ni pendekezo lipi la upinzani alilijibu kwa hoja, lipi alilipita kimya, na lipi lilirudi bajeti ya mwaka uliofuata likiwa limevaa jina la Serikali.