Kuzuru Decorah, Iowa, bila gari

Swali: Habari zenu, ndugu. Mimi ni mama wa binti anayesoma Luther College, chuo kilichoko Decorah, jimbo la Iowa, Marekani, nami natarajia kumtembelea mwezi wa Oktoba. Je, mji huo mdogo una nini kwa mgeni asiye na gari?

Jibu: Shikamoo mama. Treni haifiki Decorah, hivyo ushuke mji wa La Crosse, jimbo jirani la Wisconsin, na binti akutafutie usafiri mapema. Mjini utatembea kwa miguu, na makumbusho ya Vesterheim, yanayohifadhi masanduku ya mbao yenye nakshi ambayo wahamiaji wa Norwei walivuka nayo bahari, yapo Water Street penye maduka.

Jibu: Naongezea maporomoko ya Dunning's Spring, ambayo maji yake baridi huchomoza mwambani. Chukua koti zito, mama.