MREJESHO: Kukopa mara ya pili kwa nyumba iliyo kwenye rehani, nimeambulia milioni 12

Wakuu, niliuliza hapa naweza kukopa kiasi gani juu ya nyumba yangu ya Goba ambayo bado ina rehani, ili nijenge vyumba vinne vya kupangisha. Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto: nyumba ni milioni 95, deni 29, basi 66 ni zangu.

Mthamini alikuja na futi yake, akapima hadi choo cha nje, akasimama kitambo akiangalia ufa wa ukuta wa nyuma. Ripoti: bei ya soko milioni 88, bei ya mnada, yaani benki ikilazimika kuiuza haraka, 66. Benki ikashika ya mnada, tena asilimia 70 tu. Hiyo ni 46.2, toa deni 29, ikabaki 17.2. Gharama ya mthamini juu yangu, bila shaka.

Kati ya mlionijibu, aliyeniambia "angalia mshahara kwanza" alikuwa sahihi. Mshahara wangu ni 2,100,000, na theluthi, yaani 700,000, lazima ibaki mkononi baada ya makato yote. Nikishakatwa kodi, NSSF na rejesho la mkopo wa kwanza, napokea 1,005,000. Kwa hiyo nafasi ni 305,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 17 inayopungua na deni, miaka 5, hiyo inabeba milioni 12 na chenji kidogo.

Mke wangu naye alitakiwa kusaini ridhaa, maana ndiyo nyumba tunayoishi. Alisoma kila ukurasa, afisa mkopo akawa anaangalia saa.

Nimechukua 12. Vyumba vya kupangisha vitakuwa viwili, siyo vinne.